Mke wa Kiongozi na Muhuri wa Mumewe

Somo la wiki kwa vikundi vya nyumbani

Maandiko ya kusoma: 1 Wafalme 21:1–24, Esta 4 na 5, Mathayo 27:19, 2 Wakorintho 8:20–21



Jumanne iliyopita kwenye kikundi cha nyumbani tulikuwa tumemaliza kuombea taifa. Tulimtaja Rais, tukamtaja na Mama Rachel, tukasema amina. Chai ikaletwa. Kogo mmoja akaweka kikombe chini, akaniuliza, "Pasta, huyo mama wa Ikulu, sisi tulimpigia kura lini?" Vijana wakacheka. Dada mmoja akakasirika, akasema swali kama hilo ni kumkosea heshima mke wa mtu. Mimi nikatoa jibu la haraka, ati mke na mume ni mwili mmoja, basi. Nikageuza mazungumzo.

Nilifika nyumbani nikijua sijamjibu kogo. Hapa kwetu Ndanai swali hilo lina miiba. Ukimtaja Mama Rachel vibaya, wazee wataona umemtukana binti yao. Ukimsifu sana, vijana watakuangalia hivi, wakijiuliza nani amekutuma. Mimi sikutumwa na chama chochote. Lakini kogo aliuliza swali la haki, na Biblia ina jibu lake. Tulitafute pamoja.

1. MEZA KABLA YA IKULU

Tuanze na maisha yake. Rachel Chebet ni mzaliwa wa upande wa Kakamega, ndiyo maana Rais akienda huko hujiita mkwe. Alisomea ualimu katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Yeye na William Ruto walifahamiana katika mambo ya vijana wa kanisa, wakaoana mwaka 1991. Wakati huo hakukuwa na msafara wala walinzi. Mume aliingia Bunge mwaka 1997, akawa Waziri wa Kilimo mwaka 2008, Naibu wa Rais mwaka 2013, na Rais tarehe 13 Septemba 2022.

Katikati ya safari hiyo, mwaka 2009, Mama Rachel alianzisha shirika la Joyful Women, ambalo wengi wenu mnaliita JoyWo. Kazi yake kubwa ilikuwa kueneza benki ya mezani. Akina mama wa hapa hawahitaji kufundishwa, lakini nieleze kwa ajili ya vijana na wanaume wanaojifanya hawajui.

Tuseme mko akina mama 20. Kila mmoja analeta shilingi 500 kwa mwezi. Mezani kuna shilingi 10,000. Hazipelekwi mjini. Pale pale mama mmoja anakopa 6,000 za kununua kuku, mwingine anakopa 4,000 za karo. Riba ni shilingi 10 kwa kila 100. Mwezi ujao wanarudisha 11,000, na wote mnaleta 10,000 nyingine. Meza sasa ina 21,000, na riba ni yenu wenyewe. Hakuna aliyeulizwa hati ya shamba. Dhamana yake ni wale wanawake 19 wanaojua nyumba yake, ng'ombe wake na tabia yake. Kila kitu kinaandikwa kwenye daftari na kusomwa kwa sauti kabla ya watu kutawanyika.

Mimi nilisomea biashara chuo kikuu. Nilifundishwa mambo ya mtaji na hatari ya mkopo kwa miaka minne. Naweza kuwaambia kwamba mama anayeweka daftari la meza hapa Ndanai anaelewa hayo mambo vizuri kuliko wengi tuliosoma nao.

Hapo ndipo ushawishi wa kisiasa unapoanzia, hata kama hakuna mtu ametaja kura. Mama aliyezoea kuuliza pesa za meza ziko wapi, kesho atamuuliza MCA pesa za barabara ziko wapi. Hilo ni jema. Lakini kuna upande mwingine. Mama aliyeinuliwa na meza anakumbuka jina la aliyeileta, na jina hilo lina mume, na mume anatafuta kura. Kampeni ya mwaka 2022 ilipofika ikiwa imejaa maneno ya mama mboga na vyama vya akina mama, wanawake wengi waliona wanazungumziwa kwa lugha yao. Tarehe 30 Novemba 2022 serikali ikazindua Hazina ya Hustler, na tarehe 1 Juni 2023 ikafungua sehemu ya mikopo ya vikundi. Mtu aliyewahi kuketi mezani anaona undugu wa mambo hayo.

Kwa hiyo kogo, jibu la kwanza ni hili: hatukumpigia kura. Lakini ushawishi alikuwa nao kabla ya Ikulu, na aliujenga kwa njia ambayo mtu angeweza kuihesabu.

2. WALIOTANGULIA

Tusidhani kila mke wa Rais hufuata njia moja. Lena Moi, aliyekuwa Lena Bommet, alitoka kwa familia ya Kikristo ya Eldama Ravine. Aliolewa mwaka 1950 na mwalimu kijana aliyeitwa Daniel arap Moi. Walitengana mwaka 1974, miaka minne kabla ya Moi kuwa Rais. Miaka yote 24 ya Moi, Kenya haikuwa na mke wa Rais aliyeonekana hadharani. Mama Lena aliishi kimya hadi alipofariki mwaka 2004. Akina mama wanaobeba majina makubwa wakiwa peke yao, Mungu anawaona.

Lucy Kibaki alikuwa binti wa mchungaji wa kanisa la Presbyterian na mwalimu, hata akawa mkuu wa chuo cha walimu cha Kambui. Alisimama imara katika vita dhidi ya UKIMWI. Lakini usiku wa tarehe 2 Mei 2005, akiwa amekasirishwa na habari zilizoandikwa juu yake, aliingia ofisi za gazeti jijini Nairobi pamoja na walinzi wake na kukaa humo kwa saa nyingi, akitaka waandishi washikwe. Mtu yeyote anaweza kukasirika. Lakini mimi nikikasirika siji na walinzi wa serikali.

Margaret Kenyatta aliona kwamba mama wanakufa wakijifungua. Utafiti wa serikali wa 2008–09 ulionyesha vifo 488 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa wakiwa hai. Mwezi Januari 2014 akazindua kampeni ya Beyond Zero, lengo likiwa kupeleka gari la kliniki katika kila kaunti kati ya zile 47. Aprili mwaka huo akakimbia marathoni ya London ili kuitafutia pesa, akamaliza baada ya zaidi ya saa saba. Hakuwa mwanariadha, na sisi watu wa Bonde la Ufa tunajua saa saba ni nyingi. Lakini alimaliza, na kila mtu aliona alichokimbilia.

Mioyo ya akina mama hao mimi siihukumu. Nataka tuone tu kwamba kiti ni kile kile, na hakuna sheria inayosema aliyekikalia afanye nini. Katiba yetu ya 2010 inamtaja Rais na kiapo chake. Cheo cha mke wa Rais hakimo.

3. MUHURI NI WA NANI?

Sasa tufungue 1 Wafalme 21. Mfalme Ahabu anataka shamba la mizabibu la Nabothi. Nabothi anakataa, kwa sababu ni urithi wa baba zake. Hapa kwetu hilo tunalielewa bila mhubiri. Mfalme anajilaza kitandani, anagoma kula. Yezebeli anamwambia asijali, shamba atampa yeye. Kisha anaandika barua kwa jina la Ahabu, anazipiga muhuri wa Ahabu, anazituma kwa wazee wa mji. Wazee hawaulizi kitu. Nabothi anasingiziwa, anapigwa mawe, anakufa.

Yezebeli hakuwa na muhuri wake mwenyewe. Nguvu yote ilikuwa katika muhuri wa mwingine. Na Eliya alipotumwa, alitumwa kwa nani kwanza? Kwa Ahabu, mtu ambaye hakuandika hata herufi moja! Mungu alimuuliza mwenye muhuri kwanza, ndipo hukumu ya Yezebeli ikafuata. Wazee waliotii bila kuuliza nao wameandikwa humo, wasomwe hadi leo.

Linganisha na Esta. Yeye pia alikuwa mke wa mfalme. Lakini alipotaka jambo, aliingia mwenyewe mbele ya mfalme, akiweka maisha yake hatarini, na alipofika wakati wa kusema alimtaja adui mezani huku adui ameketi papo hapo. Haman alisikia kila neno. Yezebeli alifanya kazi mahali ambapo Nabothi hakuweza kusikia.

Mambo haya si ya zamani tu. Mnakumbuka Juni 2024, vijana wakiandamana kwa sababu ya Mswada wa Fedha, na tarehe 25 waliingia Bunge. Kuna nyumba katika nchi hii ambazo bado zinalia. Tarehe 5 Julai Rais alitangaza hatua za kupunguza matumizi, na moja ilikuwa kuondoa mafungu ya bajeti ya ofisi ya mke wa Rais na ya mke wa Naibu wa Rais. Tunaweza kubishana siasa hadi kesho. Lakini swali la vijana lilikuwa lile lile la kogo: pesa ni zetu, je, daftari liko wapi, na nani anaapa juu yake?

Nawaomba wazee wangu, msikasirike. Benki ya mezani yenyewe ndiyo iliyotufundisha kuuliza hivyo. Mama akileta pesa mezani ana haki ya kusikia daftari likisomwa. Mlipa kodi naye ameketi mezani.

Na sisi wa kanisa tujichunguze pia. Septemba 2022 ibada ya shukrani ilifanyika Ikulu, na makanisa kama letu yalifurahi kwamba mwanamke wa maombi ameingia pale. Mimi pia nilifurahi. Lakini maombi si badala ya hesabu. Soma 2 Wakorintho 8:20–21. Paulo alibeba mchango wa makanisa, na hakuridhika kwamba Mungu anajua moyo wake. Alitaka na watu waone kwamba kila kitu kimefanywa sawa. Kama mtume alihitaji mashahidi, mimi ni nani?

4. DAFTARI LANGU

Hapa natakiwa kusema jambo langu. Mchungaji wetu na kamati wanalijua, na mama watoto amenipa ruhusa.

Mnajua kanisa lina mfuko mdogo wa karo unaotokana na sadaka ya mavuno. Mwaka juzi tulikuwa na nafasi 12 za watoto wa sekondari, shilingi 5,000 kila mmoja. Kwa sababu nilisomea biashara, mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa kamati. Jioni moja mama mmoja mwenye uwezo wake alikuja nyumbani na sotet ya mursik. Hakutaka kuniona mimi, aliongea na mama watoto jikoni. Wakati wa chakula mke wangu akasema, "Mtoto wa fulani kumbe hayuko kwenye orodha. Mama yake amesikitika." Maneno hayo tu. Kesho yake niliandika jina la mtoto huyo nambari 12, na aliyekuwa nambari 12 nikamwandikia "mwaka ujao". Kamati iliweka sahihi bila kuuliza. Nani atamuuliza pasta?

Mwezi Februari nikakutana na msichana sokoni, amebeba ndizi za kuuza, amevaa sweta mpya ya shule. Mama yake ni mchuma majani chai wa kibarua. Nilimuuliza kwa nini hayuko shuleni. Akaniambia kwa heshima, "Pasta, mlisema mwaka ujao."

Nilienda nyumbani nikiwa na hasira, na nikamlaumu mke wangu. Nilimwambia amenitia aibu. Alininyamazia kidogo, kisha akasema, "Mimi nilisema neno moja. Kalamu uliishika wewe." Halafu akanikumbusha jambo nililokuwa nimelisahau. Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa ameniambia majina yasomwe kanisani Jumapili, pamoja na sababu ya kila mmoja. Mimi nilikataa, nikasema kelele zitakuwa nyingi.

Ndipo nikamwelewa Pilato. Mathayo 27:19 inasema mke wake alimtumia ujumbe akiwa kwenye kiti cha hukumu, asijiingize katika mambo ya yule mtu mwenye haki. Lilikuwa neno la kweli kuliko yote aliyosikia siku hiyo, na hakulifuata. Ahabu naye alipewa neno baya, akalifurahia. Mimi katika nyumba moja nilifanya yote mawili. Neno la mke wangu lililonirahisishia nililifuata, na lile ambalo lingenigharimu nililiacha.

Nilienda kwa Mchungaji nikakiri. Nililipa zile 5,000 kwa mfuko wangu, na msichana akaingia shule wiki tano baada ya wenzake. Zile wiki tano siwezi kumrudishia. Tangu wakati huo majina yanasomwa kanisani, na mwandishi wa kamati si mimi. Kelele zipo, ndiyo. Lakini sasa mama mchuma chai anaweza kusimama akauliza.

5. MAPIMO MATATU

Basi kogo, hili ndilo jibu langu kamili. Mke wa kiongozi atakuwa na ushawishi siku zote, awe wa Rais, wa chifu au wa pasta. Huwezi kuuzuia, na si dhambi. Esta aliokoa taifa. Yoana, mke wa msimamizi wa Herode, katika Luka 8:3, alimhudumia Bwana Yesu kwa mali yake. Lakini kwa kuwa ushawishi huo hauna kura wala kiapo, lazima uwe na mwanga. Tuupime hivi:

Kwanza, unatumia cha nani? Kama ni chako, kama miguu ya Mama Margaret kule London au zile shilingi 500 za mezani, ni zawadi. Kama ni muhuri wa mwingine au pesa ya umma, ni deni, na deni huandikwa.

Pili, je, yule atakayeumia anaweza kusikia? Nabothi hakusikia. Msichana wa ndizi hakusikia. Neno ambalo haliwezi kurudiwa mbele ya aliyeachwa, lisisemwe jikoni.

Tatu, neno hilo linamgharimu nani? Neno la Esta lingemgharimu yeye. Neno la Yezebeli lilimgharimu jirani.

Na wewe mwenye muhuri, mume au mke, usimlaumu aliyekunong'oneza. Eliya atakuja kwako kwanza.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Katika nyumba yenu, kazini au katika kamati, ni nani hupitia kwa mwingine ili akufikie wewe? Kwa nini haji moja kwa moja?

2. Wazee wa mji wa Nabothi walipaswa kufanya nini barua zilipofika? Sisi hufanya nini tukiona sahihi ya mkubwa?

3. Akina mama wa benki ya mezani watueleze: daftari lisiposomwa miezi mitatu, meza huwa inafikia wapi?

4. Je, kuna neno la kweli ambalo mwenzako alikuambia na ukalikataa kwa sababu lingekugharimu? Mrudie wiki hii.

TUOMBE

Baba, tunamweka mbele zako Rais wetu na Mama Rachel. Mpe mama huyu ujasiri wa Esta wa kusema kweli kwa mumewe, na umpe mumewe sikio la kusikia. Wafariji mama waliopoteza watoto wao mwaka 2024. Utusamehe sisi tuliopiga muhuri bila kuuliza. Madaftari ya kanisa hili yawe wazi mbele zako na mbele za watu. Katika jina la Yesu, amina.

Kogo, Jumanne nitakuja mapema. Swali likibaki, uliza tena.